Habari za Bwana Philip Gosse na Tangi la Bahari

Wengi wetu tumepata kuona tangi la kioo lenye samaki, ama hotelini, ama katika nyumba ya mtu mwenye nafasi. Lakini ni wachache wanaojua habari za mtu aliyewafundisha watu wa kawaida namna ya kuiweka bahari katika chumba cha kukaa. Jina lake ni Philip Henry Gosse, Mwingereza. Vijana wa chama cha sayansi wameniomba niandike juu ya vyombo vya kununua kwa tangi la maji ya chumvi, kwa kuwa mimi ninalo moja nyumbani kwangu hapa Kampala, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka bahari ya Mombasa. Nimeona afadhali niwape maisha ya mtu huyu, kwani karibu kila chombo ninachokitumia ni jibu la swali ambalo yeye alilikuta kabla yangu.

Alizaliwa tarehe 6 Aprili 1810 katika mji wa Worcester. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogo za sura za watu, akienda mji hata mji kutafuta wateja, na fedha nyumbani zilikuwa haba. Mtoto alilelewa Poole, mji wa bandari kusini ya Uingereza, na huko shangazi yake, Bibi Susan Bell, alikuwa akimwonyesha viumbe wa ufukoni na kumfundisha majina yao. Alipopata miaka 15 alitiwa kazi ya ukarani katika ofisi ya wafanya biashara. Mwaka wa 1827 akavuka bahari kwenda Newfoundland, kisiwa cha baridi kali upande wa Kanada, akaendelea na kazi ile ile ya vitabu vya hesabu.

Huko, mwaka wa 1832, alinunua kitabu juu ya hadubini, na tangu hapo kila saa aliyoachiwa na kazi aliitumia kukusanya wadudu na kuwachora. Hakuwa na mwalimu wa mambo hayo, wala hakupata kusoma chuo kikuu. Mwaka wa 1835 alijaribu kulima shamba Kanada asifanikiwe. Mwaka wa 1838 akaenda Alabama, Marekani, akafundisha watoto wa wenye mashamba ya pamba. Aliyoyaona huko ya utumwa yalimchukiza, akaondoka baada ya miezi michache, akarudi kwao mwaka wa 1839 akiwa maskini kama alivyotoka.

Kisha mwaka wa 1844 alikwenda Jamaica kukusanya ndege na wanyama wengine, akakaa miezi 18. Msaidizi wake alikuwa kijana mweusi wa kisiwa kile, Samuel Campbell, hodari wa kutafuta ndege na kutengeneza ngozi zao. Nalitaja jina hilo kwa makusudi. Wazungu wengi wa zamani zile walikusanya kwa mikono ya watu wengine, wala majina ya watu hao hatuyaoni popote. Lakini Gosse alipotoa kitabu chake cha ndege wa Jamaica mwaka wa 1847 alimtaja Campbell na kumsifu. Mimi humhesabia jambo hilo kuwa heshima kubwa.

Mwaka wa 1848 alimwoa Emily Bowes, mwandishi kama yeye, na mwaka wa 1849 wakapata mwana mmoja, Edmund. Gosse akaandika vitabu mfululizo hata afya yake ikavunjika. Basi Januari 1852 akaihama London na jamaa yake, wakaenda pwani ya Devon apate kupumzika. Mtu wa namna ile hapumziki. Maji yalipokupwa yeye alikuwa miambani, amejaa tope, akichungulia vidimbwi.

Hapa yafaa nieleze shida yenyewe. Ukichota maji ya bahari katika bakuli, ukatia kaa, kamba na wale anemoni, wanyama laini wanaofanana na ua, watapendeza siku ya kwanza. Siku ya tatu maji yananuka, na viumbe wote wamekufa. Wametumia oksijeni yote iliyomo, na uchafu wao umewatilia sumu. Gosse hakuwa wa kwanza kupigana na shida hiyo. Bibi mmoja Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, alitengeneza matangi huko Messina, Sicily, mwaka wa 1832, ili achunguze pweza mwenye kombe jembamba. Mwingine, Bibi Anna Thynne, alichukua matumbawe kutoka Torquay mwaka wa 1846 akayapeleka London. Kila siku mtumishi wake aliyamimina maji kutoka chombo hata chombo mbele ya dirisha lililo wazi, ili yapate hewa. Kazi hiyo ya mtumishi ndiyo ifanywayo leo na pampu. Katika tangi langu ninazo pampu mbili ndogo za kuyasukuma maji, na ningekuwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu baada ya kioo, ningenunua pampu.

Mwanakemia mmoja wa London, Robert Warington, alionyesha mwaka wa 1850 kwamba samaki wawili wa maji baridi waweza kuishi pamoja na mmea usipobadili maji, maana mmea katika mwanga hutoa oksijeni. Akatia na konokono wale majani yaliyooza. Gosse alilifanya jambo hilo kwa maji ya bahari. Alijaribu mwani wa namna nyingi. Mwani mkubwa wa rangi ya hudhurungi haukufaa, kwani hutoa ute na kuyaharibu maji. Uliofaa ni ule wa kijani, mwembamba kama jani la saladi, na baadhi ya mwani mwekundu. Tena aligundua kwamba mwani using'olewe, kwa kuwa hauna mizizi kama mmea wa shambani. Lazima uchukue nyundo na patasi, ukate kipande cha jiwe ambalo umeshika, uchukue vyote pamoja.

Sheria hiyo ya patasi hunistaajabisha. Gosse alikuwa anauangalia mwani tu. Sisi leo twajua kwamba jiwe lenyewe lilikuwa linafanya kazi kubwa, maana katika vitundu vyake mna bakteria ambao huibadili sumu ya amonia, itokayo katika uchafu wa wanyama, ikawa nitriti, na nitriti ikawa nitrati isiyodhuru sana. Mfugaji mmoja wa Jakarta, Indonesia, Lee Chin Eng, ndiye aliyeandika mwaka wa 1961 namna alivyoutunza mwamba wa matumbawe nyumbani kwa mawe ya bahari yaliyo hai na viputo vya hewa. Kwa sababu hiyo mtu anunuaye tangi leo asikimbilie samaki. Atie mawe, ayasubiri majuma kadhaa, apime amonia na nitriti mpaka zote mbili zisionekane, ndipo alete kiumbe wa kwanza.

Sasa, kwa nini mambo haya yalizuka wakati ule? Kodi ya vioo iliondolewa Uingereza mwaka wa 1845, vioo vikawa rahisi. Na reli zilikuwa zimefika pwani, hata karani wa London aliweza kwenda baharini na kurudi na chupa zake. Mei 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote, ya kwanza ya namna yake, na Gosse alikuwa miongoni mwa waliokusanya viumbe wa kuijaza. Mwaka wa 1854 akatoa kitabu chake cha tangi la bahari, chenye picha za rangi alizozichora mwenyewe, na mwaka wa 1855 kitabu kidogo cha maelekezo. Neno akwariamu alilichagua yeye kwa maana hiyo. Katika Kilatini cha kale lilikuwa mahali pa kunyweshea ng'ombe, jambo ambalo wenzetu wa Ankole watalicheka.

Watu wa bara walipolia kwamba hawana bahari, Gosse aliwatengenezea. Mwaka wa 1854 alitangaza maji ya bahari ya kutengenezwa kwa chumvi nne: ya kawaida, ambayo ndiyo nyingi, ya haluli, na kloridi za magnesi na potasi. Kwanza alitia mwani, na wanyama baadaye. Nami hufanya kama yeye, ila chumvi yangu hununuliwa imekwisha changanywa, gramu 35 hivi kwa lita, nayo ina kalisi ambayo Gosse hakuitia. Kwa anemoni wake haikuwa neno. Matumbawe, lakini, hujenga mifupa yao kwa kalisi, na yale ya Mombasa au Zanzibar si kama matumbawe madogo ya Devon yakaayo moja moja. Yetu hujenga miamba mizima. Maji ya bomba yasitumiwe hivi hivi, bali yachujwe kwanza, na shaba isiguse maji kabisa, kwani hata kidogo sana huwaua kamba na matumbawe.

Mwanga nao wataka maneno. Gosse aliona kwamba jua kali likipiga tangi la dirishani huyapasha maji moto na kuyageuza kijani kama supu. Katika nchi yetu ni vibaya zaidi. Taa iwe juu, kama jua lilivyo juu ya kidimbwi, na iwe na nguvu, kwa sababu ndani ya nyama ya matumbawe ya nchi za joto mnaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao ndio unaoyalisha sehemu kubwa ya chakula chake. Gosse alitafuta mwani wa kuweka kando ya mnyama, kumbe matumbawe yetu yanao ndani. Hita ndogo huyaweka maji yangu katika nyuzi 25 usiku wa baridi. Na tangi liwe kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Wengi hudhani dogo ni rahisi kulitunza, na sivyo. Katika maji machache kosa dogo huwa msiba kabla ya asubuhi.

Mwaka wa 1856 karani huyo wa zamani alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kuu ya wanasayansi wa Uingereza. Mwaka uliofuata ulikuwa wa giza. Februari 1857 Emily alikufa kwa kansa ya titi. Mwaka ule ule Gosse, aliyeishika sana dini yake, akatoa kitabu cha kupatanisha kuumbwa kwa dunia na ushahidi wa mawe ya kale, nacho kikakataliwa na wanasayansi na watu wa dini vile vile. Akahamia St Marychurch, Devon, na mwanawe mdogo. Huko akaandika kazi ambayo mimi naiona bora kuliko zote, historia ya anemoni na matumbawe ya Uingereza, iliyotoka kati ya 1858 na 1860. Mwaka wa 1860 akaoa tena, akamwoa Eliza Brightwen.

Lakini vitabu vyake vilikuwa vimekwisha fanya kazi asiyoitaka. Watu walifuata maelekezo yake kwa nyundo na patasi na vikapu, wakaja kwa reli kila msimu, wakachukua anemoni mahali pote alipopataja. Wengi walijaza matangi kupita kiasi, viumbe wakafa, wakaja kuchukua wengine. Vidimbwi ambavyo Gosse alivikuta vimejaa vikabaki mawe matupu. Mwanawe Edmund, aliyekuwa akifuatana naye pwani utotoni, aliandika habari hizo mwaka wa 1907 katika kitabu juu ya maisha yake na baba yake, akaeleza jinsi mzee alivyohuzunika kutambua kwamba vitabu vyake ndivyo vilivyoleta maangamizi. Tamaa ya matangi ilipoa katika miaka ya 1860, lakini pwani haikurudi kuwa ile.

Mtu asidhani kwamba hayo ni ya Waingereza tu. Kutoka pwani ya Kenya samaki wa mapambo huvuliwa na kusafirishwa nchi za mbali, na matumbawe yaliyovunjwa hukawia miaka mingi kukua tena. Ndiyo maana katika tangi langu sikutia jiwe lililokatwa mwambani. Mawe yangu ni makavu, yametengenezwa na watu, nikayatilia bakteria na kungoja miezi miwili. Na matumbawe yangu ni vipande vilivyokatwa katika matangi ya wafugaji wengine, vikapandwa kama mihogo. Yapo machache, wala hayajapendeza kama yale ya Watamu. Wageni wangu hunicheka.

Gosse mwenyewe hakuacha kazi. Katika miaka ya 1860 alipenda sana okidi, akazikuza katika nyumba ya vioo, na uzeeni akageukia nyota. Usiku mmoja wa baridi alikaa dirishani na darubini yake, akapatwa na ugonjwa wa kifua, asipone vizuri tena. Alikufa tarehe 23 Agosti 1888 pale pale St Marychurch, mwendo mfupi kutoka ufuko alioutembea kwa miaka mingi, akiwa na umri wa miaka 78.