Herbert Minton, Mfinyanzi wa Stoke

Katika makanisa mengi ya Uingereza, mtu aingiapo na kuinamisha kichwa huona chini ya miguu yake vigae vyenye maua, simba na misalaba. Vingi vilitoka katika kiwanda cha Herbert Minton. Tumeona vema kuyaeleza maisha yake, kwa maana yana fundisho kwa kila mwenye mali.

Baba yake, Thomas Minton, alinunua kiwanja cha kujenga kiwanda cha vyombo vya udongo mjini Stoke mwaka 1793, mwaka ule ule aliozaliwa Herbert. Herbert aliingia kazini angali kijana mdogo, akasafiri huku na huku kuuza bidhaa. Mwaka 1817 yeye na ndugu yake walifanywa washirika wa baba yao. Ndugu huyo aliiacha biashara akawa kasisi, na baba alipofariki mwaka 1836, Herbert akakishika kiwanda.

Wakati huo alikuwa na nia moja kubwa. Mafundi wa kale waliotandika sakafu za nyumba za watawa walijua kutengeneza vigae vya rangi mbili, lakini ufundi huo ulikuwa umepotea. Mwaka 1830 Samuel Wright alipewa na serikali haki ya pekee ya njia ya kuvitengeneza, na Minton akanunua sehemu ya haki hiyo. Udongo hushindiliwa katika kalibu ili mchoro ubaki umebonyea. Mahali pale hujazwa udongo mwepesi wa rangi nyingine. Kisha kigae hukaushwa, hukwanguliwa na kuchomwa. Shida ni kwamba kila udongo hunywea kwa kiasi chake, na kigae hupasuka. Kwa miaka kadhaa alipata hasara, wala hakuacha. Alipofaulu, vigae vyake vilitandikwa katika kanisa la Temple, London, katika jumba la Bunge la Uingereza, na hata katika jumba la Bunge la Marekani huko Washington.

Faida hakuila peke yake. Huko Hartshill alijenga kwa fedha zake kanisa la Utatu Mtakatifu, lililokamilika mwaka 1842, pamoja na shule na nyumba ya kasisi. Makanisa mengine mengi aliyapa vigae bure. Hata hivyo tusimfanye malaika. Katika viwanda vya Stoke siku zile watoto walifanya kazi saa nyingi, na sisi tuliozeeka katika ualimu hatuwezi kulipita jambo hilo kimya.

Alifariki mwaka 1858, akazikwa Hartshill. Kiwanda kilibaki kwa mpwa wake, Colin Minton Campbell, na jamaa yake mwingine, Michael Hollins. Mwaka 1868 wakaachana: Campbell akachukua vyombo, Hollins akachukua vigae, na baadaye wakashindania hata jina la Minton. Mwaka 1968 kampuni iliunganishwa na Royal Doulton, na mwanzoni mwa karne hii kiwanda cha Stoke kikabomolewa.

Lakini vile vigae vya makanisani vingalipo. Mchoro wake haukupakwa juu, umeingia ndani ya udongo, kwa hiyo nyayo za waumini haziufuti upesi.

Ndugu wapendwa, nasi tuna mashamba, nyumba na maduka tutakayoyaacha. Tuyapange mapema ili watoto wetu wasigombane, na lile tulilokusudia kumtolea Mungu tulitoe tungali hai.