Mtakatifu John Henry Newman: Dhamiri na Utii



Katika jubilei hii tumeona vema tumkumbuke mtakatifu aliyependa muziki, ambaye maisha yake yanajibu swali tunaloulizwa mara nyingi: je, Mkatoliki afuate dhamiri yake au alitii Kanisa?

John Henry Newman alizaliwa London tarehe 21 Februari 1801, katika familia ya Kianglikana. Alijifunza fidla utotoni, na hata uzeeni aliipiga. Alisoma Oxford, akawa kasisi wa Kianglikana mwaka 1825, na kuanzia 1828 alihudumu katika Kanisa la Mtakatifu Maria, kanisa la chuo kikuu. Wanafunzi walifurika kusikiliza mahubiri yake.

Mwaka 1833 aliugua huko Sicily, nusura afe. Akiwa njiani kurudi nyumbani, chombo alichopanda, kilichobeba machungwa, kilikwama baharini kwa kukosa upepo. Hapo alitunga shairi la kumwomba Mungu amwongoze gizani. Baadaye likawa wimbo, Lead, Kindly Light, ambao Wakatoliki na Waprotestanti wanauimba hadi leo.

Aliporudi, yeye na wenzake walianza juhudi za kulirudisha Kanisa la Uingereza kwenye imani ya Mababa wa Kanisa. Lakini kadiri alivyowasoma Mababa hao, ndivyo alivyozidi kuona kwamba njia yao inaelekea Roma. Mwaka 1841 aliandika kijitabu kilichodai kwamba kanuni 39 za imani ya Kianglikana zinaweza kueleweka kwa namna ya Kikatoliki. Maaskofu wake walimlaumu. Akahamia kijiji cha Littlemore kusali, kufunga na kusoma, na mwaka 1843 akaacha usimamizi wa kanisa lake.

Swali lililomnyima usingizi lilihusu wokovu. Hakuuliza kama jirani yake Mwanglikana ataokoka. Hilo alimwachia Mungu. Alijiuliza kama yeye mwenyewe, baada ya kuuona ukweli, angekuwa salama akifa usiku ule bila kuufuata. Tarehe 9 Oktoba 1845 alipokelewa katika Kanisa Katoliki na Padre Dominic Barberi, Mpasionisti kutoka Italia, aliyewasili Littlemore amelowa mvua. Uamuzi huo ulimgharimu. Alipoteza nafasi yake Oxford, marafiki wengi wakajitenga naye, na hata ndani ya ukoo wake palikuwa na mpasuko.

Alipadirishwa Roma mwaka 1847, kisha akaanzisha nyumba ya Waoratorio huko Birmingham. Mwaka 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulitangaza fundisho la kutokosea kwa Papa. Newman mwenyewe aliliamini, ila aliona wakati wa kulitangaza haujafika. Mtaguso ulipokwisha kuamua, alipokea.

Ndipo Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, akaandika mwaka 1874 kwamba Wakatoliki sasa wamekuwa watumwa wa Papa. Newman alimjibu mwaka 1875 kwa barua ndefu iliyoelekezwa kwa Duke wa Norfolk. Alieleza kwamba Papa hakosei anapolitangazia Kanisa lote fundisho la imani au maadili, si katika kila agizo analotoa. Mamlaka yake yenyewe husimama juu ya dhamiri, kwa kuwa ni dhamiri inayotuambia kwamba Mungu yupo na anastahili kutiiwa. Hata alisema kwamba, ikibidi kunyanyua bilauri karamuni, angemtakia heri Papa, lakini dhamiri kwanza.

Tusimwelewe vibaya. Kwake dhamiri haikuwa ruhusa ya kufanya tupendavyo. Ilikuwa sauti ya Mungu moyoni, sauti inayotudai hata pale tusipotaka. Dhamiri huweza kufifia kwa dhambi na uzembe, ndiyo maana inahitaji kulelewa na Neno la Mungu, sala na mafundisho ya Kanisa. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba wasiolijua Kanisa pasipo kosa lao, lakini wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kutii dhamiri kwa msaada wa neema, wanaweza kuokoka. Anayejua kwamba Kanisa ni la lazima kwa wokovu, kisha akakataa kuingia au kudumu ndani yake, hana udhuru. Newman alikuwa ameliona hilo miaka 119 kabla, akalilipia.

Papa Leo XIII alimfanya Kardinali mwaka 1879. Alifariki Birmingham tarehe 11 Agosti 1890, na Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 13 Oktoba 2019. Katekisimu yetu inamnukuu inapofundisha kuhusu dhamiri, katika namba 1778.

Sisi wanakwaya tunaimba kila Jumapili maneno mazito ya imani. Tumwombe Newman atusaidie tuyaamini kwa moyo, na tukiona linalotupasa, tulifanye hata likitugharimu.

Mtakatifu John Henry Newman, utuombee.