Mwalimu Nyerere na Vivumishi vya Kukazia

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora na Pugu, hata alipoacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Uongozi haukumvua ualimu. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Aliisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969.

Humo mna somo kwa mwalimu wa Kiingereza. Wanafunzi wetu hurundika vivumishi vya kukazia, na visawe huvibadilisha ovyo kana kwamba uzito wake ni mmoja. Mark Antony hakurundika. Alirudia sifa moja njema ya Brutus hadi ikageuka lawama. Mfasiri hapo hana budi kupata neno moja liwezalo kubeba heshima na kejeli pamoja. Akibadilisha kisawe kila mara, mkazo hupotea.

Nyerere alifariki London mwaka 1999. Nasi tunaoandaa walimu hapa Chimwaga, katika mji ambao TANU iliuchagua mwaka 1973 kuwa makao makuu, kabla ya kumpa mwanafunzi orodha ya visawe tumpe sentensi, aonyeshe neno lisilobadilishika.