Lillian Gilbreth: mjane wa watoto 11 aliyefungulia wanawake mlango wa uinjinia

Ukiingia katika kituo cha afya, mara nyingi unakuta ile pubeli ya kukanyaga: unaweka mguu chini, kifuniko kinafunguka, mikono haigusi uchafu. Na mwenye frigo nyumbani anajua zile sehemu za mlangoni za kuweka mayai na siagi. Vitu hivyo viwili vinahesabiwa kati ya kazi za mwanamke mmoja wa Marekani, Lillian Gilbreth, aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Alikuwa injenieri, profesa wa chuo kikuu, mshauri wa viwanda, tena mama aliyezaa watoto 12 wazima. Maisha yake yanagusa swali ambalo wamama wengi wenye kutumika wanajiuliza kila asubuhi: kazi na nyumba, mtu anavishika vyote viwili namna gani?

Baba hakutaka asome chuo kikuu

Lillian Moller alizaliwa tarehe 24 mwezi wa 5 mwaka 1878 katika mji wa Oakland, jimbo la California. Jamaa yao ilikuwa na uwezo, na alikuwa dada mkubwa wa wadogo wengi. Kutoka utoto alizoea kusaidia mama yake kulea.

Alipomaliza sekondari, baba hakuona faida ya binti kwenda chuo kikuu. Kwa mawazo ya wakati ule, msichana wa nyumba yenye mali alipaswa kungoja bwana. Lillian aliomba sana, mwisho baba akakubali ajaribu mwaka mmoja tu, na alale nyumbani. Mwaka ule mmoja ukazaa mingine. Katika mwaka 1900 alimaliza kwenye chuo kikuu cha California kule Berkeley, na akawa mwanamke wa kwanza wa chuo hicho kutoa hotuba siku ya kupewa diploma. Miaka 2 baadaye akapata diploma ya juu zaidi, lakini ya fasihi. Mambo ya mashini na viwanda hakuwa ameyasomea hata kidogo.

Mwaka 1903, akiwa safarini kuelekea Ulaya, alipitia mji wa Boston. Pale akajulishwa kwa Frank Gilbreth, mwenye kampuni ya ujenzi. Frank hakusoma chuo kikuu. Alianza kazi kama mwashi. Lakini alikuwa na jicho. Aliona kila mwashi anapanga matofali kwa namna yake, na kila tofali moja anainama mpaka chini kuliokota. Frank akatengeneza jukwaa la kuinua matofali yafike kwenye kimo cha mkono. Mijongeo ya kupanga tofali moja ikashuka kutoka 18 hadi 5 hivi, na mwashi aliyepanga matofali 120 kwa saa akafikia 350.

Walioana mwezi wa 10 mwaka 1904. Frank alitaka mambo mawili: watoto 12, na bibi mwenye kujua kazi yake. Lillian akaacha fasihi, akaingia katika saikolojia, kusudi amuelewe yule mtu anayeshika chombo.

Jina lililofichwa

Mwaka 1912 Frank aliacha ujenzi, wakafanya kazi ya kushauri viwanda. Waliwapiga wafanyakazi filamu huku saa ikionekana pembeni, kisha wakahesabu kila mjongeo wa mkono: kutafuta, kushika, kubeba, kuachilia. Vipande hivyo wakaviita therblig, ambalo ni jina lao Gilbreth likisomwa kinyume, na herufi mbili zikibadilishana nafasi.

Wakati ule wakubwa wa viwanda wengi walifuata mafundisho ya Frederick Taylor, aliyepima kazi kwa saa mkononi kusudi mtu afanye haraka. Wafanyakazi waliichukia saa hiyo. Lillian alileta swali lingine: huyu mtu anachoka sababu ya nini? Kiti ni kifupi? Mwangaza ni kidogo? Hapati dakika ya kupumzika? Vita ya kwanza ya dunia ilipoleta maaskari waliokatwa mikono na miguu, yeye na bwana yake walitafuta namna ya kupanga kazi ili watu hao warudie kutumika na kujilisha.

Lakini jina lake halikuonekana. Vitabu vya kwanza vilitoka kwa jina la Frank peke yake, hata kama Lillian alikuwa ameshika kalamu. Aliandika kazi ya udaktari juu ya saikolojia ya uongozi, lakini Berkeley ikakataa kumpa cheo sababu hakuwa akiishi karibu na chuo jinsi sheria ilivyotaka. Kitabu hicho kilipotoka mwaka 1914, kiliwekwa jina L. M. Gilbreth, kusudi msomaji asijue kama mwandishi ni mwanamke. Hakuchoka. Alianza udaktari mwingine kwenye chuo kikuu cha Brown na akaupata mwaka 1915, akiwa na watoto 6 wadogo nyumbani. Katika miaka hiyo walikuwa wamezika mtoto wao Mary, aliyekufa mwaka 1912 kwa ugonjwa wa difteria, akiwa na miaka 5.

Aliwezaje? Si kwa kufanya kila kitu peke yake. Mama mkwe aliishi nao kwa miaka mingi na alisimamia nyumba. Kulikuwa na mpishi na mtu wa kazi za mikono. Watoto nao walikuwa na orodha ukutani ya kazi za kila siku, na kila mmoja alitia alama akimaliza. Jamaa yote ilikuwa na kikao cha kugawa kazi na kuamua matumizi, na mtoto mkubwa alichunga mdogo.

Siku simu ilipokatika

Tarehe 14 mwezi wa 6 mwaka 1924, Frank alitoka nyumbani kwao Montclair, jimbo la New Jersey. Kwenye stesheni ya treni aliingia katika chumba cha simu akapigia bibi yake. Wakiwa wanazungumza, moyo wake ukasimama. Alikuwa na miaka 55.

Lillian alibaki na watoto 11. Mkubwa alikuwa na miaka 18, na wa mwisho alikuwa anakaribia miaka 2. Frank alikuwa amejitayarisha kwenda Ulaya, kusema kwenye mikutano ya London na Prague. Siku chache tu baada ya mazishi, Lillian alipanda meli akaenda kushika nafasi yake. Pengine wengine waliona vibaya, mjane kuacha watoto na kusafiri. Lakini kama mikutano ile ingepita bila yeye, kazi ya miaka 20 ingezikwa pamoja na bwana.

Aliporudi, pigo la pili likamngoja. Kampuni zilizokuwa zikitumika na Frank hazikutaka kurudilia mikataba. Walikuwa wameandikiana na injenieri mwanaume, na machoni pao bibi alikuwa msaidizi tu. Franga za kulisha watu 12 zilikuwa hatarini, bila kusahau masomo ya watoto.

Lillian hakubishana nao. Alifungua masomo pale pale nyumbani, wakubwa wa viwanda wakaja kujifunza kupima mijongeo. Duka kubwa la Macy's la New York likamwita. Kisha kampuni ya Johnson & Johnson ikampa kazi ya kuuliza wanawake juu ya pamba za hedhi. Kwa kazi ile, yale yaliyomzuia, kuwa mwanamke na kuwa mama, ndiyo yalikuwa ujuzi wake.

Akaingia jikoni. Kwa kampuni ya General Electric aliuliza wanawake zaidi ya 4,000 ili kujua kimo kizuri cha jiko na cha meza ya kuoshea vyombo. Akapanga jiko, meza na frigo vikaribiane, mama asizunguke bure. Katika jaribio moja la kupika keki, hatua za mpishi zilishuka kutoka 281 hadi 45. Kitu cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa mpishi. Lakini alijua kwamba kazi ya nyumbani ni kazi, na inastahili kupimwa kwa heshima ile ile ya kazi ya kiwanda.

Heshima ilichelewa, lakini ilifika

Rais Herbert Hoover alimwita katika kamati ya kutafutia watu kazi, wakati wa shida kubwa ya uchumi iliyoanza mwaka 1929. Mwaka 1935 chuo kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, kikamfanya profesa, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika uinjinia pale. Baada ya vita ya pili ya dunia alisaidia kupanga majiko ya wamama wenye ugonjwa wa moyo na wenye ulemavu.

Watoto wake wawili walipoandika kitabu juu ya jamaa yao mwaka 1948, kilipendwa sana na kikafanywa filamu. Baba alikuwa katikati ya hadithi, na watu wengi wakamjua Lillian kama mama wa watoto wengi tu. Wenzake wa kazi walijua zaidi. Mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Uinjinia ya Marekani. Mwaka uliofuata akapewa medali ya Hoover, ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa ameipata. Alifariki tarehe 2 mwezi wa 1 mwaka 1972, akiwa na miaka 93. Mwaka 1984 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye sura yake.

Si kila mjane ana mama mkwe wa kumsaidia, ao mpishi, ao diploma tatu za chuo kikuu. Hiyo ni kweli na haifai kufichwa. Lakini Lillian Gilbreth hakuwahi kujifanya mwanamke wa kubeba dunia kwa mikono miwili. Maisha yake yote alitafuta namna ya kupunguza mzigo: tofali lipande lifike kwenye mkono, meza ifike kwenye kimo cha mama, kazi za nyumba zigawanywe kwa wakubwa na watoto, wasichana na wavulana. Na mikono ikiwa imejaa, mguu ukanyage, kifuniko kifunguke.