Yohane Bosco, Rafiki wa Vijana wa Mjini

Yohane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kijiji cha Becchi, nchi ya Italia, si mbali sana na mji wa Torino. Baba yake, mkulima maskini, alikufa mtoto akiwa hajatimiza miaka 2. Mwaka ule mvua ilikosa, njaa ikaingia. Mama yake, Margherita, akabaki na mkwewe mzee na wana watatu wa kulisha. Mkubwa wao, Antonio, alikuwa mtoto wa mke wa kwanza.

Yohane alitamani sana kusoma, lakini Antonio hakupenda. Kila alipomwona mdogo wake ameshika kitabu alikasirika, kwa kuwa aliona ya kwamba mkono wa mkulima haufai kushika ila jembe. Ugomvi ukazidi, hata mama akaona heri mtoto aondoke nyumbani. Basi Yohane, mwenye miaka 12 tu, akaenda kuchunga ng'ombe wa watu wengine. Hata huko malishoni hakuacha kitabu chake.

Alikuwa mwepesi wa mwili. Siku za gulio aliwatazama sana wachezaji wa viinimacho, akajifunza michezo yao, hata akaweza kutembea juu ya kamba. Jumapili aliwakusanya watoto wa kijiji, akawachezea. Hakuwatoza fedha, ada yao ilikuwa kusali pamoja naye na kusikiliza mahubiri ya asubuhi ile, ambayo aliyashika yote kichwani.

Mwaka 1831 alikwenda shule katika mji wa Chieri. Akawekwa katika darasa la chini kabisa pamoja na watoto wadogo, naye alikuwa kijana wa miaka 16. Hakuona haya. Kwa kuwa hakuwa na fedha, alifanya kazi apate chakula na mahali pa kulala. Alifanya kazi kwa mshona nguo, kwa seremala, na katika mkahawa. Tena akajifunza kushona viatu. Hakujua bado kazi zile zitamfaa nini. Tarehe 5 Juni 1841 akapewa upadre, akaenda kukaa Torino.

Siku zile mji wa Torino ulikuwa ukikua upesi. Vijana wengi walitoka mashambani kwenda kujenga nyumba zake, kama vile katika siku hizi vijana wanavyokwenda Bugarama na Geita kutafuta dhahabu. Wengine walipata kazi, wengine hawakupata. Na hao waliokosa walizunguka mitaani, wakaiba, wakafungwa. Padre mmoja, jina lake Cafasso, alimchukua Bosco kuwatazama wafungwa. Huko akakuta vijana wenye nguvu, wa miaka 12 hata 18, wamekaa bure, wanaliwa na chawa. Akaona tena jambo lililomsikitisha zaidi: wengi waliofunguliwa walirudi upesi gerezani. Aliwachunguza, akatambua sababu yake. Walipotoka hawakuwa na mtu hata mmoja wa kuwapokea na kuwaongoza. Akawaza ya kuwa, kama wangalikuwa na rafiki mwema huko nje, labda wasingalirudi.

Tarehe 8 Desemba 1841 alikuwa akijitayarisha kusoma Misa. Kijana mmoja mwashi, jina lake Bartolomeo Garelli, aliingia sakristia. Mtunza sakristia akamtaka amtumikie padre. Kijana alipokiri kwamba hajui, akampiga kwa mpini wa ufagio na kumfukuza. Bosco akamkemea mtu yule, akaamuru kijana arudishwe, kwa kuwa ni rafiki yake. Baada ya Misa alizungumza naye kwa upole. Akajua ya kwamba ni yatima wa miaka 16, wala hajui kusoma wala kuandika. Siku ile ile akaanza kumfundisha. Jumapili iliyofuata Garelli alirudi pamoja na wenziwe, na hesabu yao ikazidi hata wakawa mamia.

Lakini hawakuwa na mahali. Kila walipokaa, majirani walichukizwa na makelele yao, wakafukuzwa. Wakuu wa mji walihofu fitina, na padre wengine walidhani Bosco amepata wazimu. Wawili walikuja na gari ili wampeleke nyumba ya wenye wazimu. Yeye, kwa adabu, akawaomba watangulie kupanda. Walipokwisha kuingia, akafunga mlango, akamwamuru mwendesha gari aondoke nao.

Sikukuu ya Pasaka, mwaka 1846, wakapata banda bovu mahali paitwapo Valdocco. Mwaka ule ule mama Margherita aliacha nyumba yake, akaja kuwapikia na kuwafulia vijana. Wa kwanza waliopewa malazi walitoroka na mablanketi. Walakini mama na mwanawe hawakukata tamaa, wakawapokea wengine.

Usiku vijana walifundishwa kusoma, kuandika na hesabu. Mchana walikwenda kazini, naye Bosco alikwenda kuwatazama huko huko. Aliandikiana mikataba na matajiri wao: wawafundishe ufundi, wasiwatumie kwa kazi nyingine, wasiwapige, wawape mshahara na mapumziko. Toka mwaka 1853 akafungua karakana zake mwenyewe, za viatu na nguo kwanza, na siku za kwanza yeye ndiye aliyefundisha kushika sindano. Hapo kazi za Chieri zikaonekana faida yake.

Mwaka 1859 alianzisha shirika la Wasalesiani. Wengi wa wale wa kwanza walikuwa vijana aliowalea mwenyewe. Mmoja wao, Michele Rua, mtoto wa Torino aliyefiwa na baba, ndiye aliyeshika mahali pake Bosco alipokufa tarehe 31 Januari 1888. Mwaka 1934 Kanisa lilimtangaza kuwa Mtakatifu.

Mwaka 1980 Wasalesiani walifika Tanzania. Huko Dodoma wanafundisha vijana ufundi, na huko Didia, katika Mkoa wa Shinyanga, iko shule ya sekondari yenye jina la Don Bosco. Hivyo kazi iliyoanza kwa yatima mmoja aliyepigwa ufagio imewafikia hata watoto wa Usukuma. Basi, ninyi mnaosoma, mkimwona mwenzenu anafukuzwa mlangoni, ulizeni kwanza jina lake.