Mtakatifu Augustino, Askofu Aliyekubali Kusahihishwa



Wengi wetu tunamfahamu Mtakatifu Augustino kama kijana aliyepotea, na mama yake, Mtakatifu Monika, akamwombea kwa machozi hadi akaongoka. Leo tunapenda kumtazama baada ya hapo, alipokuwa mtu mwenye cheo na jina kubwa, kwa maana huo ndio wakati ambapo kukosolewa huuma zaidi.

Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, mji ulioko Algeria ya leo. Alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi mjini Milano, Pasaka ya mwaka 387. Mwaka 391 alipewa upadre mjini Hippo, na miaka michache baadaye akawa askofu wa mji huo.

Katika miaka hiyo alimwandikia Mtakatifu Yeronimo, padre na bingwa wa Maandiko aliyeishi Bethlehemu. Alipinga maelezo yake juu ya Paulo kumkemea Petro kule Antiokia, habari tunayoisoma katika Barua kwa Wagalatia, sura ya pili. Yeronimo alieleza kwamba mitume hao hawakugombana kweli, bali waliigiza tu. Augustino aliona hatari: tukikubali kwamba Maandiko yana uongo hata kidogo, tutaamini nini?

Kwa bahati mbaya barua ilichelewa, na nakala zake zikasomwa Italia kabla haijamfikia mwenyewe. Yeronimo alikasirika, akidhani anasemwa kwa siri na mtu mdogo kwake anayetafuta sifa.

Augustino hakujibu kwa hasira. Aliomba radhi kwa maumivu aliyoyasababisha, akaomba asahihishwe popote alipokosea. Hata hivyo, hoja yake hakuiacha, kwa sababu aliamini ni ya kweli. Akamwonyesha Yeronimo kwamba Petro mwenyewe, aliye mkubwa, alitupatia mfano wa unyenyekevu alipokubali kuonywa na Paulo aliyeitwa baada yake. Hatimaye wawili hao walipatana, wakawa upande mmoja dhidi ya mafundisho ya Pelagio.

Mwaka 426 na 427, akiwa amepita miaka 70, Augustino alisoma upya vitabu vyake, kazi 93, na kuandika wazi alipoteleza. Sisi tunaosoma falsafa tunaguswa kuona kwamba alijilaumu hata kwa kumsifu Plato kupita kiasi. Hakuna aliyemlazimisha. Alijua kwamba watu wanamwamini, na kosa la mtu anayeaminiwa huenda mbali.

Alifariki tarehe 28 Agosti 430, Hippo ikiwa imezingirwa na Wavandali. Katika siku zake za mwisho aliweka zaburi za toba ukutani, akazisoma kitandani akilia.

Tujiulize basi: mwenyekiti wa jumuiya akisahihishwa na kijana wa kwaya, au frateri akionywa na mlezi wake, tunatazama kwanza ukweli wa neno au cheo cha msemaji? Augustino anatufundisha kuomba radhi pale tulipoumiza, kusimama kwa upole pale penye ukweli, na kurekebisha kosa letu kabla halijampoteza mwingine. Aibu ya kusahihishwa hupita, lakini kosa lililofichwa huendelea kuwadhuru wanaotuamini.

Mtakatifu Augustino, utuombee.