Joseph Whitworth: Fundi aliyezipa bolti kipimo kimoja

Katika karakana nyingi, chini kabisa ya sanduku la vifaa, haikosekani spana moja nzito ya zamani ambayo fundi hajui kazi yake. Imeandikwa 3/8W, lakini haikai sawasawa kwenye nati yoyote ya pikipiki. Herufi hiyo W inatokana na jina la Mwingereza Joseph Whitworth.

Whitworth alizaliwa mwaka 1803 katika mji wa Stockport, akiwa mtoto wa mwalimu. Akiwa kijana aliwekwa kwenye kiwanda cha pamba cha mjomba wake, lakini alivutiwa zaidi na mashine kuliko nyuzi. Alihamia Manchester, kisha London, ambako alifanya kazi kwa Henry Maudslay, fundi aliyesifika kwa vipimo sahihi. Mwaka 1833 alirudi Manchester na kufungua karakana yake mwenyewe.

Wakati huo kila karakana ilikata meno ya bolti kwa namna yake. Bolti ikipotea, mwenye mashine alilazimika kurudi kwa aliyeitengeneza, au kuchongesha nyingine kwa gharama. Soko la vipuri halikuwezekana.

Whitworth alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, akatafuta wastani. Mwaka 1841 alipendekeza meno yote yawe na pembe ya nyuzi 55, na kila unene wa bolti uwe na idadi maalumu ya meno kwa inchi. Kwa kuwa kipimo chake hakikuwa mbali na vile walivyozoea mafundi, makampuni ya reli na viwanda yalikikubali.

Kipimo hicho kilienea pamoja na mashine za Uingereza, zikiwemo zilizokuja Afrika Mashariki. Injini za zamani za Lister zilizoendesha mashine za kusaga mahindi ni mfano mmoja.

Hapa ndipo wengi hukosea. Spana ya kawaida huandikwa upana wa mdomo wake. Spana ya Whitworth huandikwa unene wa bolti, si upana wa nati. Hivyo spana ya 3/8 ya Kimarekani ina mdomo wa milimita 9.5, lakini ile ya 3/8W ina mdomo wa takriban milimita 18. Ile ya 1/4W inazidi kidogo milimita 13, 5/16W inazidi 15, 7/16W inakaribia 21, na 1/2W inazidi 23.

Spana nyingine ina alama mbili, kwa mfano 3/8W na 7/16BS. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walipunguza ukubwa wa vichwa vya bolti ili kuokoa chuma, hivyo mdomo uleule ukatumika kwa bolti nene zaidi. Namba ndefu kwenye mpini mara nyingi ni namba ya kipuri ya mtengenezaji. Haielezi ukubwa, hapo dawa ni kupima mdomo.

Kutojua tofauti hii kuna hasara. Spana iliyolegea kidogo hula pembe za nati, na nati ikishaliwa hukatwa kwa tindo. Bolti ya Kimarekani ya nusu inchi ina meno 13 kwa inchi, ya Whitworth ina 12. Ukiilazimisha, inakwama na kuharibu meno ya injini. Mashine ikisimama msimu wa mavuno, wateja huhamia kwa jirani.

Whitworth alitajirika. Mwaka 1868 alianzisha ufadhili wa masomo kwa vijana wa uhandisi, na alifariki mwaka 1887 huko Monte Carlo. Baadaye milimita zilichukua nafasi ya bolti zake katika mashine nyingi.

Hata hivyo, meno yake ya nyuzi 55 yamebaki kwenye mabomba ya maji. Ndiyo maana koki ya nusu inchi iliyonunuliwa Mwanza huingia kwenye bomba lililonunuliwa Mombasa. Mkulima anayefunga mfumo wa umwagiliaji bado anavuna faida ya kazi ile ya mwaka 1841. Na ile spana nzito ya 3/8W isiuzwe kama chuma chakavu kabla ya kuijaribu kwenye injini ya zamani.